Ada ya Uhamiaji: Unalipa Nini, na Unamlipa Nani?

Katika semina ya vikundi vya kuweka na kukopa iliyofanyika hapa Chemchem, mama mmoja alinisubiri mlangoni wenzake walipokwenda kunywa chai. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya masomo Uganda na akahitaji pasipoti. Mama alikopa shilingi 250,000 kwenye kikundi, akampa kijana mmoja wa stendi aliyejitambulisha kuwa ana watu wake Uhamiaji. Wiki sita zikapita bila jibu. Swali lake lilikuwa fupi: "Mratibu, ada ya serikali hairudishwi?"

Ilibidi nimweleze, kwa uchungu, kwamba yeye hakuwa amelipa ada. Alikuwa amempa mtu fedha.

Tangu pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018, ada yake ilitangazwa kuwa shilingi 150,000. Shilingi 20,000 ni ya fomu, ambayo hairudishwi, na shilingi 130,000 ni ya pasipoti yenyewe. Maombi hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Ukishajaza, mfumo unakupa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita mitaani kontrol namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Unalipa kwa simu, benki au wakala wa benki, na fedha inaingia moja kwa moja serikalini. Hakuna afisa anayepaswa kuishika mkononi. Kwa hiyo anayekuambia "nitumie kwenye namba yangu, mimi nitakulipia" amekwisha kukujibu swali la unamlipa nani. Viwango hubadilika, basi ulizeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla ya kukopa. Kuuliza ni bure.

Si kila anayesaidia kujaza fomu ni kishoka. Wazazi wetu wengi hawana kompyuta, na kijana wa kibanda cha intaneti akilipwa elfu chache kwa kazi ya kuchapa na kuskani vyeti, amefanya kazi halali. Ila hiyo ni malipo yake, si ada. Yeye achukue chake, na kontrol namba uilipe mwenyewe. Namba ya maombi na stakabadhi vikae nyumbani kwako, visibaki kwenye simu yake. Mama yule hakuwa na kimojawapo, na ofisini jina la binti halikuonekana popote kwa sababu hakuna ombi lililowahi kupelekwa.

Sisi watu wa Tabora tuna historia na malipo ya njiani. Misafara iliyopita Unyanyembe kwenda na kutoka pwani katika karne ya 19 ililipa hongo kwa watemi ili kupita katika nchi zao, kwa vitambaa, shanga na waya. Kiasi kilipatikana kwa majadiliano marefu, na ugomvi juu ya njia na malipo ulichangia vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilivyoanza mwaka 1871. Wakati ule hongo haikuwa aibu, ilikuwa ushuru. Leo neno hilohilo ni jina la kosa la jinai. Ada ina kiwango kilichotangazwa na ina stakabadhi. Kiasi kikianza kujadiliwa, jua umerudi kwenye njia ya misafara.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba ada hulipia kushughulikiwa kwa ombi. Hainunui jibu. Mfano tunao hapa mkoani, Ulyankulu. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliishi huko, na wengine Katumba na Mishamo, katika makazi ambayo TCRS, shirika la Kilutheri, ilishiriki kuyajenga pamoja na serikali na UNHCR. Walipofunguliwa njia ya kuomba uraia kuanzia mwaka 2007, ada ya kawaida, ambayo ni kubwa sana kwa mkulima wa tumbaku, haikutozwa kwao kama kwa mgeni mwingine. UNHCR ilibeba gharama kwa fedha za wafadhili. Mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa. Hata hivyo vyeti vilikwama kwa sababu ya mpango wa kuwahamishia mikoa mingine, na ugawaji ulianza Oktoba 2014 tu. Katika kusubiri kwa namna hiyo ndipo vishoka hupata wateja. Mtu akiambiwa "toa kidogo cheti kitoke", anatoa. Lakini msamaha wa ada hutangazwa na serikali, na kilichosamehewa hakidaiwi kwa mlango wa nyuma.

Neno moja kwa sharika na vituo vyetu vinavyopokea wageni. Visa ya kawaida ya dola 50 (Wamarekani hulipa 100) ni ya matembezi. Haimruhusu mgeni kufundisha wala kuhudumu zahanati, hata kama halipwi mshahara. Mtu wa kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi, na wamisionari na watu wa kujitolea kwa kawaida huwa daraja C. Ada hiyo iwekwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo, na iandikwe wazi ni nani atalipa, sisi au wanaomtuma. Nimeona mradi mzuri ukisimama miezi minne kwa sababu kila upande ulidhani mwenzake amelipa.

Mama yule ameomba upya. Alikaa na binti yake kibandani mpaka kontrol namba ikatoka, akalipa 20,000 kwa simu yake mwenyewe, na ujumbe wa malipo akaja kunionyesha. Kikundi kilimwongezea mkopo kwa kura. Ule wa kwanza bado anaulipa, pamoja na riba.