Mama, Usiache Kliniki Wiki za Mwisho

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumza na mama anayekaribia kujifungua, na pia na baba wa mtoto na mama mkwe wanaoishi naye.

Mara nyingi tunawasikia akina mama wakisema, "Mimi sina tatizo. Kliniki nimekwenda tangu mwanzo, mtoto anacheza vizuri, sasa nangoja uchungu tu." Miguu imechoka, kituo kiko mbali, kazi za nyumbani hazijaisha. Basi kadi inabaki kabatini. Kumbe wiki hizo ndizo mama anazomhitaji mkunga zaidi.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama mjamzito aonwe mara 8: kwanza kabla wiki ya 12 haijaisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mwanzoni nafasi ni ndefu, mwishoni ni wiki mbili tu. Sababu ni kwamba mambo mengi yanayoamua mama azalie wapi hujitokeza mwishoni.

La kwanza ni shinikizo la damu. Mama anaweza kuwa na vipimo vizuri kwa miezi saba, kisha shinikizo likapanda. Mkunga akikuta 140/90 au zaidi, atapima tena, na atapima mkojo aone kama una protini. Hizo ni dalili kwamba kifafa cha mimba kinaweza kufuata. Mwanzoni mama anaweza kujisikia mzima kabisa, ndiyo maana kipimo ni lazima. Kifafa cha mimba si pepo wala si kurogwa. Ni ugonjwa unaoweza kuua mama na mtoto, na ukigunduliwa mapema ziko dawa za kushusha shinikizo na kuzuia degedege.

La pili ni mlalo wa mtoto. Katika mwezi wa saba watoto wengi bado hugeuka-geuka tumboni. Mimba ikitimia, watoto 3 au 4 tu kati ya 100 huwa wametanguliza matako. Kwa hiyo mlalo ulioonekana mwezi wa saba hautoshi. Kuanzia wiki ya 36 mkunga hupapasa tumbo kwa mikono miwili akitafuta kichwa kiko wapi. Akikuta matako yametangulia, au mtoto amelala kingamo, atampeleka mama hospitali mapema, si usiku wa manane uchungu umepamba moto.

La tatu ni wingi wa damu. Chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, chini ya 7 ni upungufu mkubwa. Mama mwenye upungufu hana akiba akitokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa. Ikigundulika mapema, bado ipo nafasi ya kutibiwa. Siku ya uchungu tumechelewa.

Baada ya hayo ndipo mkunga anaposema, "Mama, utajifungulia hapa kwetu," au, "Mama, wewe utakwenda hospitali." Kupelekwa hospitali si adhabu. Zahanati haina chumba cha upasuaji, na si kila kituo cha afya kinacho. Mama mwenye mapacha au aliyewahi kupasuliwa asibishane na shauri hilo.

Nanyi akina baba, msingoje uchungu uanze. Nani atampeleka mama usiku? Nauli imetengwa? Nani atabaki na watoto? Nani yuko tayari kutoa damu ikihitajika? Zungumzeni pia na majirani wa jumuiya yenu kuhusu usafiri.

Yapo mambo ambayo hayangoji tarehe ya kliniki. Nenda mara moja ukiona haya:

- kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu;
- maumivu makali juu ya tumbo, au uso na mikono kuvimba;
- damu inatoka ukeni, hata bila maumivu;
- chupa imepasuka;
- mtoto amepunguza kucheza;
- homa au degedege.

Mama, kadi yako iko wapi? Itoe leo jioni, mwisome pamoja na baba tarehe ya kurudi. Kama imekwisha kupita, usione haya. Kesho asubuhi nenda.