Jina la Mdudu na Hifadhi ya Maarifa: Mfano wa Dumuzi

Katika uainishaji wa wadudu, jina ndilo ufunguo wa kumbukumbu: makazi ya mdudu, chakula chake, madhara yake na njia za kumdhibiti huhifadhiwa chini ya jina hilo. Tangu toleo la kumi la Systema Naturae la Linnaeus (1758), kila spishi ya mnyama hutajwa kwa maneno mawili, la jenasi na la spishi, yanayotumika katika lugha zote. Hata hivyo, mkulima hamwiti mdudu kwa Kilatini. Suala linalomhusu mwanaleksikografia, basi, ni nafasi ya jina la wenyeji katika hifadhi hiyo.

Mfano mmoja ni Prostephanus truncatus, aliyeelezwa na Horn wa Marekani mwaka 1878. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Alipobainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa Tanzania walimwita dumuzi. Wengine walimwita Scania, kwa jina la lori kubwa. Baadaye, katika sehemu za Kenya, aliitwa Osama. Majina haya yanadokeza jinsi wakulima walivyouona uharibifu wake, lakini hayamjulishi msikilizaji kwamba anayetajwa ni spishi moja.

Hasara ya utata huo huonekana ghalani. Neno fukusi huweza kutumika kwa mdudu yeyote mdogo atoboaye nafaka. Lakini fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, hudhibitiwa vyema kwa pirimifosi-methili, ilhali dumuzi hudhurika zaidi kwa permethrini. Ndiyo sababu wakulima walishauriwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga yenye viambato vyote viwili. Akoseaye jina huweza kukosea dawa, na chakula cha mwaka kikageuka vumbi.

Majina ya kisayansi nayo hubadilika. Mdudu alaye dumuzi, aliyeachiliwa nchini Kenya mwaka 1992, huandikwa Teretrius nigrescens. Katika maandishi ya awali aliitwa Teretriosoma nigrescens. Atafutaye kwa jina moja tu hukosa sehemu ya maarifa. Kwa hiyo wanauainishaji huorodhesha visawe vyote chini ya jina linalokubalika, na mtandao wa GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001, huunganisha kwa njia hiyo kumbukumbu za makumbusho ya nchi nyingi.

Utaratibu huohuo unafaa kwa Kiswahili. Dumuzi, Scania na Osama yaingizwe kama visawe, kila kimoja kikiambatana na jina la kisayansi, mahali kilipokusanywa na mwaka. Kamusi inayotosheka na fasili "aina ya mdudu" humwacha msomaji mlangoni mwa ghala la maarifa, ufunguo akiwa nao mkononi, asijue kitasa chake.