Je, Wajua? Nyumba ya Kupangisha na Wenye Sauti Juu Yake

Ukipanda kutoka katikati ya Butembo kwenda Vulamba, soma kuta. Hapa na pale utakuta maneno ya rangi nyekundu: «Parcelle non à vendre», au kwa Kiswahili chetu, «Parseli hii haiuzwi». Mgeni hudhani ni majivuno ya tajiri. Kumbe ni hofu: mwenye parseli ana kaka, binamu au komisioneri (dalali) anayeweza kuiuza yeye akiwa Kampala anafuata mali. Wewe unayetafuta nyumba yako ya kwanza ya kupangisha, kabla ya kuuliza bei, uliza ni nani bado ana sauti juu ya ukuta huo.

Je, wajua kwamba ardhi yenyewe hununui? Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali na hauuzwi. Unacholipia ni nyumba iliyosimama juu yake, pamoja na haki ya kuutumia udongo, yaani konsesheni. Ya kudumu hupewa Mkongomani mwenye mwili na damu tu. Kampuni na wageni hupewa ya miaka 25, ambayo huweza kuongezwa.

Je, wajua kwamba pasipoti ya Ubelgiji inaweza kukuvuruga? Kifungu cha 10 cha Katiba kinasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Ndugu zetu wa Brussels na Montréal hutuma dola ili wajengewe anekse za kupangisha huku, lakini wengi husahau swali hili dogo: jina litakaloandikwa kwenye konsesheni ya kudumu ni la Mkongomani bado?

Je, wajua kwamba karatasi ya shefu wa kartie, hata ikijaa mihuri, si hati ya mwisho? Kwa kifungu cha 219 cha sheria ile ya ardhi, haki ya kutumia ardhi ya konsesheni husimama kisheria kwa cheti cha usajili peke yake, kile watu wanachokiita «certificat», kinachotolewa na konsevateri wa hati. Fishi ya parseli na mkataba wa mauzo uliosainiwa mbele ya mashahidi ni hatua njiani. Cheti kikishapita miaka miwili, kukipinga ni kazi ngumu mno. Usitosheke na fotokopi. Nenda mwenyewe ofisini uombe namba yake ilinganishwe na daftari, maana fotokopi husema chochote inachoambiwa.

Je, wajua kwamba ahadi ya 1973 ilizeeka bila kutimizwa? Kifungu cha 389 cha sheria hiyo ya ardhi kilisema haki za watu kwenye ardhi za kimila zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka zaidi ya 40 ikapita, amri haikutoka. Ndiyo maana pembezoni mwa mji, mahali mashamba ya jana yanapokatwa kuwa viwanja leo, unaweza kulipa mara mbili: kwanza kwa mzee wa ukoo, kisha kwa Serikali. Wote wawili wanahitajika. Ukimruka mzee, utajenga mchana na kubomolewa usiku.

Je, wajua kwamba mume hawezi kuuza peke yake? Kifungu cha 499 cha Kanuni ya Familia kinataka mke na mume wakubaliane kabla ya nyumba kuhamishwa au kuwekwa rehani. Mauzo yasiyo na sahihi ya mwenzi wa muuzaji yanaweza kuvunjwa mahakamani. Kwa hiyo mwombe muuzaji akukutanishe na mama mwenye nyumba, nyumbani, mchana kweupe. Si kwenye baa.

Hili limenikuta. Komisioneri alinipeleka kwenye parseli moja nzuri: milango mitatu ya kupangisha, ya matofali ya kuchoma, bati bado linang'aa. Kijana aliyejiita mrithi alikuwa ameshataja bei. Nyuma ya nyumba palikuwa na mama mzee anapura maharage juu ya turubai. Akaacha fimbo, akauliza kwa upole, «Baba, nani amewaambia nyumba hii inauzwa?» Kijana akaangalia viatu vyake. Komisioneri akaninong'oneza, «Tuondoke kwanza, baba, tutarudia kesho.» Sikurudi.

Je, wajua sheria inampa nini mama yule? Mume akifa, mjane hubaki na haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi. Watoto wa marehemu hupata robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo mjane yumo pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Kwa hiyo sahihi ya mtoto mmoja ni sahihi ya kipande kimoja. Dai kikao cha familia, na majina yote yaandikwe. Katika ukoo wa Kiyira majina hayo yanaweza kujaza kurasa mbili. Ni afadhali wino uishe kuliko kesi ianze.

Je, wajua kwa nini majengo mengi ya Butembo yalijengwa bila benki? Rehani huandikwa kwenye cheti cha usajili. Asiye na cheti hana cha kuwekea rehani. Wafanyabiashara wetu wakajenga kwa faida ya safari: kahawa ikitoka, shehena ya Dubai au Guangzhou ikifika, ukuta unapanda. Rundo la matofali unaloliona limeota majani katikati ya kiwanja ni akiba ya mtu, ila tu haina daftari.

Je, wajua kwamba avek ya mama zetu ina mizizi Niger? Mtindo huo wa kuweka na kukopeshana kijijini ulianzishwa huko 1991 na shirika la CARE. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zimekaa kwa watu watatu, na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida miezi 9 hadi 12, kila mmoja hugawiwa chake. Mkopo wake ni wa miezi michache. Utakutosha kuezeka bati au kuchimba choo. Ukiutumia kununua parseli, utadaiwa kabla mpangaji wa kwanza hajaingia. Likelemba, ule mchango wa zamu, nayo ni hivyo hivyo: panga zamu yako iangukie wakati wa bati, si wakati wa msingi.

Je, wajua hesabu ya mlango? Tuchukue mfano: milango mitatu imekugharimu dola 9,000, kila mmoja unapangishwa dola 30 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,080. Mlango mmoja ukikaa wazi miezi miwili, zinabaki 1,020. Ondoa kodi ya jimbo ya asilimia 22, unabaki na kama 796, na hapo hujanunua hata msumari. Mtaji utarudi baada ya miaka 11 na zaidi. Sasa kopa dola 5,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi: mwezi wa kwanza riba peke yake ni dola 100, na milango yote mitatu inakuletea 90. Mkopo wa namna hiyo ni wa kumalizia nyumba iliyokwisha kusimama, tena uwe mdogo.

Je, wajua kwamba kodi hiyo ya jimbo hukatwa kwenye pesa unayopokea, si kwenye faida? Kwa miaka mingi kiwango kilichozoeleka ni hicho cha 22. Kampuni au shirika likipanga kwako, hukata 20 juu kwa juu na kuzipeleka lenyewe. Pita kwanza DGR-NK, ofisi ya mapato ya jimbo, uulize kiwango cha mwaka huu.

Je, wajua kwamba wageni hupandisha bei kisha wakaondoka? Ebola ilipotangazwa 1 Agosti 2018, timu za mwitikio zilimiminika Beni na Butembo, zikapanga nyumba kwa dola. Waliokopa ili wajenge kwa bei hizo walibaki na nyumba tupu na deni baada ya ugonjwa kutangazwa kwisha, 25 Juni 2020. Mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, ofisi za jimbo zilihamia Beni, nazo zinaweza kuondoka siku moja. Kwa hiyo anayenunua Bungulu au Beu, huko Beni, afanye hesabu yake kwa kodi ya nyumba anayoweza kulipa mwalimu, si anayolipa mkurugenzi.

Je, wajua kwamba garanti ina kipimo? Sheria ya 31 Desemba 2015 kuhusu upangishaji inasema isizidi miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Wenye nyumba wanaodai mwaka mzima wapo, nao ndio wa kwanza kulalamika kwamba wapangaji hawana adabu. Garanti ni pesa ya mpangaji, itarudi kwake siku atakapotoka. Ukiila kwenye saruji, andaa nyingine.

Je, wajua kwamba mwenye duka si sawa na mwenye chumba? Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Tangu hapo, mfanyabiashara aliyefanya kazi miaka 2 kwa mkataba ndani ya duka lako ana haki ya kudai mkataba uendelee. Ukiwa na chumba cha mbele Rue d'Ambiance, chagua mpangaji kama unavyochagua mkwe.

Je, wajua ni nini hufukuza wapangaji wa milango mitatu haraka zaidi? Choo. Mji wetu ni wa vilima, mvua haiishi, na shimo lililochimbwa juu ya jirani hummwagikia jirani. Siku ya kwenda kuona parseli, usiende kiangazi. Nenda mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, uvae buti, uzunguke nyuma ya nyumba, kisha unuse.