Mtambo wa nyuklia wa ubia: mwenzako akijitoa je?

Mwaka 2006 kampuni za umeme za Lithuania, Latvia na Estonia zilifanya upembuzi yakinifu wa mtambo wa nyuklia wa pamoja, uliokuja kuitwa Visaginas. Jibu: unawezekana. Baadaye Poland ikaingia.

Kwa nini ubia? Ebu fikiria: mtambo wa megawati 1,350 ukizimika ghafla, umeme wa akiba lazima uingie papo hapo, la sivyo gridi inayumba. Kwa nchi ndogo peke yake, huo ni mzigo mzito.

Lakini Poland ilijitoa 2011. Mwaka 2012, kwenye kura ya maoni, Walithuania wengi waliopiga kura walisema hapana. Mtambo haukujengwa.

Kwa hiyo ukisoma ripoti kama hizi, usiishie kwenye bei. Uliza: mbia mmoja akitoka, hesabu bado inakubali?