Pima damu kabla moyo haujalalamika

Mtu anaweza kuamka alfajiri, akavuta nyavu ziwani na kurudi na samaki, huku mishipa inayopeleka damu kwenye moyo wake ikiendelea kuziba polepole. Haumwi popote. Ndiyo maana tunawaomba wakazi, kuanzia Kisegi hadi upande wa Migori, hasa waliofikisha miaka 40, wasingoje maumivu ya kifua.

Damu kidogo tu huonyesha kiwango cha kolesteroli, yaani mafuta yanayosafiri ndani ya damu. Yakizidi, hujishika kwenye kuta za mishipa. Wembamba si kinga. Wapo wembamba wenye mafuta mengi. Damu hiyo pia hupimwa sukari. Ikifika 7.0 kabla ya kula, daktari hushuku kisukari na kupima tena. Kwa kipimo hiki usile kwa saa nane, ila maji waweza kunywa. Kolesteroli kwa kawaida hupimwa hata kama umekula.

Nambari moja peke yake haitoshi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya, ikiwemo ya Afrika Mashariki. Mhudumu huunganisha umri, jinsia, uvutaji wa sigara, presha, kisukari na kolesteroli, kisha chati humwonyesha uwezekano wako wa kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Kijani ni chini ya asilimia 5; nyekundu huanzia asilimia 20. Pasipo na maabara, ipo chati inayotumia uzito na urefu badala ya damu. Iulizie.

Anayeishi na virusi vya Ukimwi, na kaunti zetu zina wengi, ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Utafiti wa REPRIEVE uliotangazwa mwaka 2023 ulihusisha watu 7,769 wenye virusi, wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, Uganda ikiwemo. Kidonge cha kila siku cha kushusha kolesteroli kilipunguza matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Siku ya kuchukua dawa zako, mwulize daktari kuhusu moyo pia.

Mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini kwako hupima presha na sukari, anza naye. Lakini kifua kikikubana ghafla, maumivu yakisambaa hadi mkononi au kwenye taya, ukatokwa jasho na kukosa pumzi, usitafute kipimo cha kolesteroli. Kimbizwa hospitalini papo hapo, hata kama ni usiku.