Barua Isitangulie Bonasi

Mwaka wa hesabu wa benki za Tanzania hufungwa Desemba 31, lakini bonasi ya mwaka huo haionekani akauntini mpaka wakaguzi wamalize kazi yao na bodi iridhie, miezi kadhaa baadaye. Ndani ya pengo hilo ndimo mfanyakazi mwenye ofa mpya mkononi anamojikwaa. Hujiambia kwamba kazi ya mwaka mzima ameshaifanya, kwa hiyo fedha ni yake, akakabidhi barua ya kuacha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhakikishia mshahara wa siku alizofanya kazi na malipo ya likizo aliyokuwa akiidai; bonasi haikutajwa humo kwa jina. Haki ya bonasi huzaliwa na mkataba au sera ya kampuni, na huko kuna sentensi moja, aghalabu kurasa za mwisho, ambayo wengi huisoma wakiwa wameshachelewa.

Sentensi hiyo huja kwa sura mbili. Ya kwanza hudai mfanyakazi awe bado kwenye ajira siku ya malipo. Ya pili huongeza kwamba asiwe ametoa wala kupewa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya chini kisheria ni siku 28, na mkataba waweza kuirefusha mradi urefu uwe sawa kwa pande zote mbili. Tuseme malipo ni Machi 25. Chini ya sharti la kwanza, aliyeandika barua Machi 3 bado ni mwajiriwa siku hiyo; chini ya la pili, barua hiyohiyo imeshamponza. Na hata la kwanza halina usalama kamili, maana wapo waajiri wanaopokea barua asubuhi, wakalipa mshahara wa notisi yote na jioni wakataka kitambulisho. Unaweza kubisha kuhusu tarehe ya kukoma kwa ajira, ila utabishia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tena ndani ya siku 60, ukiwa umeshatoka. Ndiyo maana nashauri barua ikabidhiwe fedha ikishaingia akauntini, si bonasi inapotangazwa.

Watauliza: kusubiri si hasara? Tupige hesabu, NSSF tukiiweka kando. Anayelipwa 2,500,000 akitegemea bonasi ya mishahara miwili atakatwa kodi ya asilimia 30 juu ya hiyo 5,000,000, abaki na 3,500,000. Kazi mpya ya 3,200,000 inamwongezea 490,000 kwa mwezi baada ya kodi. Angehitaji kusubiri zaidi ya miezi saba ndipo ofa ianze kuishinda bonasi. Mwajiri mpya asiyeweza kungoja aombwe afidie, na ahadi hiyo iwemo kwenye barua ya ofa. Ya simuni haidaiwi. Hesabu hubadilika pale tu sera inapomtaka anayeondoka mapema arudishe bonasi.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili: kukaa kimya huku umeshaamua kuondoka ni hila. Sikubali. Mwajiri anayelipa Machi kwa kazi iliyokwisha Desemba, kwa sharti la kuwepo, amenunua pia miezi mitatu ya kubaki kwako, na aliyebaki akifanya kazi ameitimiza biashara hiyo. Kampuni nayo haimwarifu mtu kwamba inafikiria kupunguza wafanyakazi robo ijayo. Kusema uongo ukiulizwa waziwazi ni jambo jingine, na hilo silitetei.

Fedha ikishaingia, kuna kishawishi cha notisi ya saa 24. Asiyeitumikia notisi mwajiri anaruhusiwa kumkata, katika stahiki zake za mwisho, mshahara ambao angelipwa kwa kipindi hicho. Kwa mfanyakazi wetu hiyo ni karibu 2,500,000, kwa kukwepa siku 28 za kwenda ofisini na kukabidhi mafaili.