Reli ya uwanja wa ndege: nauli ipimwe kwa gunia la mpunga

KAMSAMBA, Momba — Mfanyabiashara wa mpunga wa hapa Kamsamba anayetaka kumuwahi mnunuzi Dar es Salaam ana njia tatu: basi la barabara kuu, treni ya TAZARA, au ndege ya kutoka uwanja wa Songwe. Basi ndilo maskini mwenzake na analijua vizuri. Treni na ndege zina kasoro moja inayofanana. Zote humshusha msafiri mbali na soko, kisha humwacha mikononi mwa mwenye teksi.

Kipande hicho kifupi ndicho kinachokula faida. Tuchukue mfano. Mfanyabiashara anabakiwa na faida ya sh. 2,000 kwa gunia baada ya kulipa mkulima, kukoboa na kusafirisha. Akitua Dar es Salaam na kulipa teksi sh. 30,000 kwenda mjini, amekwisha kumpa dereva faida ya magunia 15. Akirudi uwanjani kwa bei hiyo hiyo, yametimia magunia 30. Mwenye magunia 60 amebakiwa na nusu ya faida, na bado hajalipia tiketi ya ndege wala chumba cha kulala.

Kwa sababu hiyo ubishi wa reli na nauli za kwenda viwanja vya ndege si wa watu wa mijini peke yao. Ni hesabu ya mwenye mpunga, mwenye ufuta na mwenye samaki wa Ziwa Rukwa. Swali lenyewe ni hili: reli ya uwanja wa ndege ilipiwe nauli ya juu kwa kuwa abiria wa ndege ana uwezo, au ilipiwe nauli ya kawaida kama safari nyingine yoyote?

PANDE MBILI ZA UBISHI

Upande wa kwanza husema mwenye tiketi ya ndege asibembelezwe. Reli ni ghali kujenga, umeme unalipiwa, na mkopo lazima urudishwe. Akiweza kulipa ndege, ataweza kulipa treni.

Upande wa pili hujibu kwamba uwanja wa ndege hauishi kwa abiria peke yao. Kuna wapakiaji, wafagizi, walinzi, mawakala wa forodha, wauza chakula na wasindikizaji. Hawa huenda uwanjani siku zote za wiki. Abiria wa ndege huenda mara chache kwa mwaka. Ukipanga nauli kwa mfuko wa abiria wa ndege, unamfukuza mteja wa kila siku.

Wenzetu wamejaribu njia zote mbili. London ina treni za mjini zinazofika uwanja wa Heathrow tangu 1977. Mwaka 1998 ikaongezwa treni ya haraka, Heathrow Express, inayotumia kama dakika 15 kutoka kituo cha Paddington, na nauli yake ya papo kwa papo ikafikia pauni 25. Mwaka 2022 ikaja njia mpya ya Elizabeth. Abiria huchagua mwenyewe: mwenye haraka hulipa zaidi, na asiye na haraka hupanda treni ya kila mtu. Nauli ya juu inakubalika pale ambapo ya chini ipo pembeni yake.

Afrika Kusini ilianza na nauli ya juu. Treni ya Gautrain, yenye mwendo wa kilomita 160 kwa saa, ilianza Juni 2010 kati ya Sandton na uwanja wa OR Tambo wa Johannesburg. Anayeshuka uwanjani hulipa zaidi sana kuliko anayeitumia treni hiyo kwenda kazini. Hata hivyo mapato hayakutosha peke yake. Serikali ya jimbo la Gauteng iliahidi kumfidia mwendeshaji pale abiria wanapopungua chini ya kiwango cha mkataba, na katika miaka kadhaa fidia hiyo ilizidi rand bilioni 1.

Nigeria ilipita njia nyingine. Treni ya Abuja inayofika uwanja wa ndege iligharimu zaidi ya dola milioni 800 na ikaanza Julai 2018. Ilisimama mwaka 2020 wakati wa korona, ikafunguliwa tena Mei 2024 kwa safari za bure ili kuvuta watu. Nauli ya bure hujaza mabehewa, lakini mwenye kodi ndiye anayelipa. Hakuna reli ya bure. Kuna reli ambayo ankara yake imepelekwa kwa mtu mwingine.

HESABU YA NYUMBANI

Sasa turudi kwetu. Reli ya kisasa ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Viwango vya LATRA vya kuanzia vilikuwa sh. 13,000 hadi Morogoro na sh. 31,000 hadi Dodoma kwa daraja la kawaida. Kituo cha kwanza kutoka mjini ni Pugu, kilomita 19, na nauli yake ilikuwa sh. 1,000.

Msomaji apige hesabu pamoja nasi. Dodoma ni kilomita 444, hivyo abiria alilipa karibu sh. 70 kwa kilomita. Pugu alilipa chini ya sh. 53 kwa kilomita. Kwa basi la kawaida la mikoani, kiwango cha LATRA cha Desemba 2023 kilikuwa sh. 48.47 kwa kilomita, na daladala ya mjini ilikuwa sh. 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10.

Uwanja wa Julius Nyerere uko kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, na abiria wa SGR anayekwenda Pugu huupita njiani. Tukitumia kiwango kile kile cha sh. 70, nauli ya treni hadi jirani na uwanja ingekuwa sh. 840. Tuipandishe hadi sh. 1,000, au hata sh. 2,000 ili kulipia kituo kipya na basi la kumfikisha mtu mlangoni. Mfanyabiashara wetu wa mfano sasa ametumia faida ya gunia moja mahali pa magunia 15.

Kwa nini basi haijafanyika? Sababu moja ni ya kiufundi. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro reli ya SGR ina kilomita 205 za njia kuu na kilomita 95 za njia za kupishania na maegesho. Treni ya kilomita 160 kwa saa ikisimama kila baada ya kilomita chache, inapoteza mwendo wake na kuzuia ya nyuma. Kituo cha uwanja wa ndege kinahitaji treni zake za mjini na ratiba yake.

Sababu ya pili ni ushindani. Awamu ya tatu ya mabasi ya mwendokasi, yenye kilomita 23.6, imejengwa kutoka katikati ya jiji hadi Gongo la Mboto kupitia Barabara ya Nyerere, yaani mbele ya uwanja wenyewe. Basi linasimama karibu na mlango. Treni yenye nauli ya kifahari haitaweza kushindana nalo, isipokuwa kwa mwenye haraka kweli kweli.

RELI IPO, KITUO HAKIPO

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba reli imekwisha kufika karibu na uwanja huo. Kituo cha TAZARA kiko kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, upande ule ule wa kwenda uwanja wa ndege. Mwaka 2012, wakati Dkt. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianzishwa treni za mjini kwa njia mbili. Ile ya TAZARA ilikwenda hadi Mwakanga, ikisimama maeneo kama Kigilagila na Kipunguni. Wenye kuijua Dar es Salaam wanajua kwamba hayo ni majirani wa uzio wa uwanja wa ndege.

Watu walipanda treni hiyo kwa nauli ya kawaida kwenda kazini na sokoni. Lakini haikuwa treni ya uwanja wa ndege, kwa kuwa hakukuwa na njia rahisi ya kutoka kituoni hadi kwenye jengo la abiria. Kilichokosekana kilikuwa njia ya miguu iliyo salama, basi dogo, na tiketi moja ya safari nzima. Kulaza reli mpya ni mabilioni. Kuunganisha iliyopo ni sehemu ndogo ya fedha hizo.

Kenya nayo ina funzo. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, na kituo kikuu cha SGR cha Nairobi kikajengwa jirani mwaka 2017. Vyote haviko mbali na uwanja wa Jomo Kenyatta, lakini abiria mwenye begi bado anahitaji gari. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka sh. 1,000 hadi sh. 1,500 za Kenya, sababu ikitajwa kuwa gharama ya mafuta. Treni za dizeli hufuata bei ya dizeli. Anayepanga nauli ya muda mrefu asisahau hilo.

VIPI UWANJA WA SONGWE?

Huku kwetu jina huchanganya wageni. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, uko Mkoa wa Mbeya, karibu na Mbalizi. Mkoa wa Songwe ulizaliwa baadaye, mwaka 2016. Mtu wa Kamsamba husafiri zaidi ya kilomita 100 kupanda kutoka bondeni hadi Mlowo, kisha hushika barabara kuu kuelekea mashariki. Reli ya TAZARA nayo inapita ukanda huo huo wa Mbalizi na Songwe ikitoka Mbeya kwenda Tunduma.

Kwa hiyo wapo wanaosema tujengewe tawi la reli hadi uwanjani. Ukurasa huu unasema hapana, na sababu ni ya kibiashara. Ndege ya Airbus A220 ya Air Tanzania ina viti 132. Seti moja ya treni ya umeme ya TRC hubeba abiria 589, yaani zaidi ya Airbus nne zilizojaa. Treni haiwezi kuishi kwa abiria wa ndege chache kwa siku. Nusu ya abiria wa Airbus moja wanatosha kujaza Coaster mbili tu na wengine kusimama.

Reli inafaa pale ambapo watu ni wengi kila saa, kama Dar es Salaam. Huku Songwe kinachofaa ni Coaster inayosubiri ndege, yenye nauli iliyobandikwa, inayokwenda Mlowo, Vwawa na Tunduma, na nyingine ya kushuka Kamsamba hadi darajani Momba. Daraja hilo limeunganisha Kamsamba na Kilyamatundu ng'ambo ya mto, hivyo abiria wa Bonde la Rukwa kwa upande wa Sumbawanga nao wamo katika hesabu. Hiyo si kazi ya mabilioni. Ni kazi ya mwenye gari mbili na nidhamu ya saa.

LA KUANGALIA KWA MWEKEZAJI MDOGO

Kwanza, mkataba wa TAZARA. Septemba 2025 Tanzania, Zambia na kampuni ya CCECC ya China zilitia saini makubaliano ya miaka 30 yenye thamani ya takriban dola bilioni 1.4 ya kuikarabati na kuiendesha reli hiyo yenye kilomita 1,860. Mwenye kuweka fedha hizo anatazama kwanza shaba na mizigo mizito. Abiria wasipopiganiwa na viongozi wao mapema, watawekwa mwishoni mwa foleni.

Pili, upana wa reli. TAZARA ni milimita 1,067 na SGR ni milimita 1,435. Behewa la moja haliingii kwenye nyingine. Atakayemuahidi mtu wa Tunduma treni moja ya moja kwa moja hadi kituo cha SGR cha jijini aulizwe atabadilisha magurudumu wapi.

Tatu, viwanja. Tangazo la kituo hupandisha bei ya ardhi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Wakazi wa Kigilagila na Kipunguni wanajua maana ya kuishi jirani na uwanja unaopanuka: miaka ya kusubiri fidia. Usinunue kiwanja kwa ramani ya dalali. Nunua kwa hati, na uulize halmashauri kama njia ya reli au uzio wa uwanja hautapita hapo.

Nne, nauli yenyewe. Ukisikia mradi wowote wa reli ya uwanja wa ndege, uliza maswali mawili kabla ya kufurahi: nani atalipa pengo abiria wakipungua, na mfanyakazi wa uwanjani ataweza kuipanda kila siku? Likikosekana jibu la la kwanza, mlipaji ni kodi yako. Jibu la la pili likiwa hapana, mabehewa yatakwenda matupu.

Mpunga wa Kamsamba hausafiri kwa ndege na hautasafiri. Anayesafiri ni mwenye mpunga, akifuata bei. Kila shilingi anayoiacha kwenye teksi ni shilingi ambayo msimu ujao hatakuwa nayo ya kumwongezea mkulima. Kituo cha kawaida, basi la kawaida na nauli ya kawaida vingemtosha.